Upofu wa Muda Hauruhusiwi

Kitengo cha Ari na Uangalizi, katika shamba letu la mkonge nje kidogo ya Voi, kina fahari kutangaza kwamba chanzo cha uvivu kimepatikana. Mfanyakazi akiangaliwa hufanya kazi. Asipoangaliwa husimama, kama redio iliyoishiwa betri. Nadharia ni ya Mkuu wetu, Bwana Ndambuki. Lugha ni yangu mimi, naibu wake, Maxwell Mulei.

Mkuu alipandishiwa kiti juu ya trela, akapewa darubini. Kazi yake ikawa kutazama.

Wiki iliyopita mkata mkonge aitwaye Kasiva alikuja kutusumbua.

“Boss, jana jicho la kushoto lilizima, giza tupu, alafu likarudi. Naomba ruhusa niende hospitali Voi.”

“Si lilirudi?” Mkuu akauliza. “Basi limepona.”

Nikamsomea Amri ya Sita: upofu wa muda ni uvivu. Anayeupata ataongezewa mistari miwili ya mkonge. Akikataa, atahama nyumba ya kampuni. Kasiva ana watoto watatu katika nyumba hiyo.

“Haya,” akasema. “Likizima tena nijikate na panga, mtaniokota nyinyi.”

Niliona hana nidhamu.

Jana akaja mkaguzi kutoka Nairobi, Madam Lavender. Mkuu, kwa kutaka kumpendeza, alikazia macho shamba na jua lake tangu asubuhi bila kupepesa. Kufikia saa sita akanishika mkono.

“Mulei, stima imepotea?”

“Mkuu, tuko shambani.”

“Mungu wangu, sioni! Wameacha kazi?”

Nikatazama. Walikuwa wamemaliza mistari yote na sasa wanafunga mafungu huku wakiimba. Hakuna aliyekuwa akiwaangalia. Nikisema ukweli, nadharia imekufa, na mshahara wangu nao. Niliogopa sana.

“Mkuu,” nikasema, “hata mimi sioni kitu.”

“Wote wawili?” Madam Lavender alikuwa nyuma yetu.

“Madam,” Kasiva, aliyekuwa akipita karibu na trela na fungu lake, akasema kwa heshima, “hiyo iko na amri yake. Muulize Bwana Mulei, anaijua kwa kichwa.”

Niliisema yote. Niliiandika mwenyewe.

Madam akamuuliza Kasiva ameijuaje, kisha akaamuru apelekwe hospitali kwa gari letu. Daktari akasema amewahi. Macho ya Mkuu yalirudi kabla gari halijafika getini. Madam akatupa mistari miwili kila mmoja na mapanga, akatuacha peke yetu.

Hadi sasa hatujakata hata jani moja. Kitengo kina furaha kuthibitisha kwamba nadharia ni ya kweli kabisa.