Natafuta Dhambi Moja ya Maana

Jumapili, 3 Agosti 1958

Kipkorir ametushinda tena! Baada ya mahubiri alisimama kutoa ushuhuda. Akaeleza alivyoiba fahali wa mzungu kule Gilgil, alivyolewa siku tatu mfululizo, alivyompiga askari kwa ndoo. Kina mama walilia. Mchungaji alilia. Hata mimi chozi lilinitoka, nikajidai ni vumbi.

Halafu tangazo. Kanisa limepata baiskeli mpya, nyeusi, yenye kengele na dainamo ya taa. Anatafutwa mwinjilisti wa kuzunguka nayo upande wa Elmenteita. Atachaguliwa baada ya wiki mbili. Sharti: awe na ushuhuda unaogusa mioyo.

Nani anafaa kuliko mimi? Mimi Joash Owuor, mwana wa Mwalimu Hezekiah wa misheni! Nimelelewa kwa Neno na fimbo. Kwetu kupiga mluzi Jumapili ilikuwa viboko viwili. Kucheka wakati wa sala, vitano. Ngoma ikilia ng'ambo ya mto tuliamriwa kuziba masikio, na aliyejua imenyamaza saa ngapi alichapwa, maana alikuwa anasikiliza. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikunjwa mpaka nikakaribia kuvunjika.

Na hapo ndipo penye shida. Sina dhambi! Mtu asiye na dhambi atashuhudia nini? Kipkorir amelelewa na ng'ombe na pombe, hata kusoma hajui, na sasa malezi mabaya yanataka kumpa baiskeli. Haki iko wapi?

Nimeanza shajara hii ili nipange mambo kwa utaratibu. Daftari ni zuri, la jalada gumu. Nilitoka nalo kwenye ghala la mahindi ninakofanya ukarani. Yako mengi kabatini, hakuna anayeyatazama.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimezipitia Amri Kumi moja moja. Kuua: hapana. Kuzini: Akoth, mke wangu, angeniua, halafu dhambi ingekuwa yake. Kutamani mali ya jirani: naitamani baiskeli, lakini baiskeli ni ya kanisa, na kanisa si jirani. Kuiba: kamwe! Kusema uongo: kamwe! Kumheshimu baba: leo hii nimemwandikia kumjulisha kwamba nimekwisha kupewa uinjilisti, na baiskeli pia. Nimeandika kwa imani. Katika maisha yangu yote sijamsikia mzee akisema nimefanya vizuri, hata mara moja. Ningependa kulisikia neno hilo kabla hajafa. Ningelipenda sana.

Akoth akauliza natafuta nini usiku kucha na mafuta ya taa yanakwisha. Nikamwambia natafuta dhambi zangu. Akasema ningemwuliza yeye mapema, tungeokoa mafuta. Mwanamke huyu alilelewa na bibi asiyejua hata mlango wa kanisa unafungukia wapi. Namsamehe.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: ulevi! Baada ya kazi nilijifunga kitambaa usoni nikaenda kwa Mama Nekoye, anayepika pombe ya busaa nyuma ya lokesheni, mtaa wa wafanyakazi. Niliingia kimyakimya. Watu kama kumi na wawili, kila mmoja na kopo lake. Wote wakanigeukia.

Mama Nekoye alinitambua kwa viatu. Akanivutia kiti, akawaamuru walevi waweke makopo chini kwa sababu mtumishi wa Mungu amewatembelea. Ningefanya nini? Nilihubiri saa nzima. Koo likakauka. Nikaomba cha kunywa, nikakonyeza jicho. Wakaniletea maji. Moto tena, yalikuwa yamechemshwa kwa heshima yangu.

Wawili waliokoka. Hasara tupu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa pili. Kama sipandi, basi Kipkorir ashuke. Nimemwandikia Mchungaji barua isiyo na jina, kwa faida ya kanisa, kumkumbusha kwamba mwenye kovu usidhani kapoa, na kwamba Kipkorir huonekana kila jioni karibu na busaa ya Mama Nekoye. Hakuna uongo hapo. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake.

Karatasi nilichana kwenye daftari hili.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa! Mchungaji hakuficha barua. Alimpa Kipkorir mwenyewe, ili ajue anayosemwa. Kipkorir hajui kusoma. Akamtafuta karani wa kumsomea. Akanijia mimi!

Nikashika barua yangu mwenyewe. Nikamsomea kwamba Kipkorir ni mtu mwema, mnyenyekevu, na kila jioni huwaombea walevi wa jirani. Akafuta macho kwa kofia. Akasema tangu mama yake afe hakuna mtu aliyewahi kumsifu hivyo, na angependa kumjua mwandishi amletee maziwa. Kisha akaikunja barua vizuri na kuiweka kifuani.

Nilijisikia vibaya kidogo. Nadhani ni viazi vya mchana.

Jumapili, 10 Agosti

USHINDI! Nimeshuhudia!

Nilifikiri hivi: kama dhambi haipatikani, itungwe. Nikasimama. Nikasema mwaka wa 1949, msimu wa mvua, niliiba mbuzi mweupe wa mzee mmoja kule Kariandusi, karibu na machimbo ya udongo mweupe, nikamla peke yangu porini huku mwenyewe akimwita mbuzi wake gizani. Kariandusi niliichagua kwa sababu ni mbali na simjui mtu huko. Hapo kwenye kumwita mbuzi gizani sauti yangu ilikatika yenyewe. Kanisa zima lilitetemeka! Mama mmoja alianguka. Kipkorir alikuja kunikumbatia. Nikaiona baiskeli ikinijia.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Mtu asiyetubu hakumbuki desturi za wanaotubu. Kwa ndugu waliookoka, ukikiri wizi unarudisha, tena mara nne, tena mwenyewe mkononi. Mchungaji akatangaza kwa furaha kwamba Jumamosi ndugu wote watanisindikiza Kariandusi, kwa nyimbo, nikiwa na mbuzi wanne.

Sina mbuzi hata mmoja. Na kusema kweli, mbuzi nawaogopa. Yale macho!

Jumanne, 12 Agosti

Wazee wa kanisa wamekubali nipeleke mbuzi mmoja sasa, watatu wafuate. Nimempata sokoni kwa mchinjaji mmoja. Amechukua suti yangu ya harusi, nami nikachukua mbuzi mweusi mwenye pembe moja na kikohozi.

Akoth alipofungua sanduku na kuona suti haimo, hakupiga kelele. Alikaa kitandani. Akaniuliza polepole kama niliiba mbuzi kweli. Nikamwambia mambo ya rohoni hayaelezeki. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu hii ya kwetu ni maili ishirini na tano.

Mbuzi amefungwa jikoni. Akikohoa tu, mimi napanda kitandani.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa na vumbi masikioni. Siku gani hii!

Tulisafiri kwa lori la machimbo, ndugu kumi na wanane, Akoth, mbuzi na mimi. Tulishuka tukiimba. Kariandusi kila kitu ni cheupe: watu, miti, mbwa, hata uji. Mbuzi wangu mweusi alikuwa mweupe kabla hatujafika kwenye boma la kwanza. Nilimshika kamba kwa vidole viwili. Alipokohoa nikaiachia, akakimbia, nikajikwaa nikatumbukia kwenye lundo la ule udongo. Kipkorir ndiye aliyemkamata.

Mchungaji akatangaza kwamba mwizi wa mbuzi wa mwaka 1949 amekuja kulipa, na mwenye mbuzi ajitokeze. Nilitulia. Nani angejitokeza? Mbuzi hakuwepo!

Walijitokeza saba.

Saba! Wote ni waumini wa kanisa la huko, wanne wakiwa wa kwaya, wamekulia misheni kama mimi. Mmoja alisema mbuzi wake alikuwa mwekundu, mwingine wa madoadoa, wa tatu alilia akimtaja kwa jina. Mzee wa kanisa lao alisema yeye aliibiwa wawili. Wakaanza kusukumana. Kwa kweli nilichukizwa. Watu waliofunzwa vizuri namna ile, wanadanganya bila haya!

Ndipo wakamwita mzee Kimutai, ambaye boma lake ndilo lililo karibu zaidi na machimbo. Mzee huyu hajawahi kuingia kanisani. Ana tumbaku ya kunusa kwenye pembe, na masikio yametogwa. Wakamwambia hakika mbuzi alikuwa wake, apokee tu. Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi.

"Mwaka huo mbuzi yangu ilipotea, ndiyo," akasema. "Lakini iliuawa na chui. Mimi mwenyewe niliona nyayo, nikaokota mifupa. Huyu kijana hakuiba kitu. Siwezi kula mbuzi yake bure."

Mchungaji akamsihi. Mimi pia nikamsihi! Nikamwambia mzee, niliiba, nakumbuka vizuri, wewe umesahau. Akacheka mpaka tumbaku ikamwagika. Akamwuliza Mchungaji hawa wanaogombania mbuzi, na huyu anayelazimisha wizi, walilelewa na nani. Mchungaji akajibu kwa sauti ndogo kwamba wote walilelewa na misheni tangu utotoni, kwa fimbo.

"Mimi baba alinichapa mara moja tu," akasema mzee Kimutai. "Nilimdanganya juu ya mbuzi. Hiyo moja ilitosha."

Akoth akasogea mbele. Akaeleza kwamba mwaka 1949 nilikuwa shule ya misheni nikiwa na mguu uliovunjika, kwamba Kariandusi leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga, na kwamba mwanamume anayepanda kitandani kwa sababu ya kikohozi cha mbuzi hawezi kuiba mbuzi. Akamalizia kwamba anaomba suti ya harusi yake irudi.

Yule wa mbuzi wa madoadoa akauliza kama basi mbuzi huyu hana mwenyewe.

Jumapili, 17 Agosti

Leo ilikuwa siku ya uchaguzi. Nilikaa nyuma karibu na mlango.

Kipkorir alisimama. Akasema ya jana yamemfanya ajichunguze. Yule fahali wa mzungu hakuwa fahali, alikuwa ndama. Wala hakumwiba, ndama alimfuata mwenyewe. Na askari hakupigwa kwa ndoo, alijikwaa kwenye ndoo. Alikuwa akiongeza kidogo kila Jumapili kwa sababu kina mama walipenda. Akaomba asamehewe, na baiskeli apewe mtu mwingine.

Kanisa lote lililia kuliko siku zote! Mchungaji akamkabidhi baiskeli hapo hapo. Jamani! Nikisema uongo napoteza suti, yeye akisema ukweli anapata dainamo!

Baada ya ibada Kipkorir alipita nyumbani. Amemrudisha mbuzi kwa mchinjaji na kuleta suti, imekunjwa, kifungo kimoja tu hakipo. Akoth alimpikia chai yenye maziwa mengi. Yale ya kwangu huwa ya kuhesabu. Sijui Kipkorir anataka nini kwetu. Mtu hafanyi wema wa namna hii bure. Nitamchunguza.

Jumatatu, 18 Agosti

Mchungaji alikuja ghalani kuniona. Hakuwa na hasira. Alisema eti sasa, kwa mara ya kwanza, ninao ushuhuda wa kweli, na nikisimama kuutoa hakuna atakayenicheka. Akahesabu kwa vidole: kudanganya kanisani, kumsingizia ndugu kwa barua, kuipotosha barua hiyo hiyo wakati wa kumsomea. Kipkorir ameitundika ukutani, na Mchungaji alipoisoma tena huko, Kipkorir akamweleza nilivyomsomea, na mwandiko wangu ukajulikana. Kipkorir anajua sasa. Ameiacha hapo hapo. Anasema aliyoyasikia siku ile yalimsaidia, yawe yameandikwa au hayakuandikwa.

Nilimsikiliza Mchungaji kwa adabu, maana hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini moyoni nilimhurumia. Mimi, mwana wa Mwalimu Hezekiah, mwongo? Niliyechapwa viboko viwili kwa mluzi?

Habari njema! Kwa kuwa Kipkorir hajui kusoma, ameomba mimi niwe msomaji wake. Nitakaa nyuma kwenye keria na Biblia. Nimekubali, kwa unyenyekevu.

Na barua ya baba imefika. Anakuja Jumamosi kwa treni kuiona baiskeli. Nimekwisha kupanga. Nitamtuma Kipkorir dukani kuninunulia sukari, nami nitasimama stesheni nimeishika baiskeli kwenye usukani, nimevaa suti. Sitasema ni yangu. Nitapiga kengele tu. Mzee akisema nimefanya vizuri, nitamkatalia vipi, kumvunjia heshima?

Leo jioni nimekagua moyo wangu tena, pembe zote, kwa uaminifu. Hamna kitu. Safi kabisa! Malezi ni malezi.

Daftari limekwisha. Kesho nitatoka na lingine ghalani, na kalamu.