Mtendaji Mkuu wa Stoo ya Utemini

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeshtuka! Klara ametangaza kwamba Jumatatu ijayo anaichukua stoo. Stoo!

Nieleze vizuri, kwa faida ya atakayelisoma daftari hili baada yangu. Kile chumba cha nyuma ya jiko kimeacha kuwa stoo tangu mwezi wa tano. Ni Makao Makuu ya kampuni yangu, Elimika Ushauri na Ubunifu. Kina meza, kiti, ramani ya dunia niliyopewa siku ya kustaafu ualimu, na kibao mlangoni: MTENDAJI MKUU. GONGA KABLA YA KUINGIA. Klara hagongi.

Hoja yake ni mayai. Yamo mia mbili ndani ya mashine yake ya kutotolea. Yai la kuku huanguliwa siku ya ishirini na moja, na hesabu nimempigia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: Jumatatu, tarehe 15. Vifaranga wanataka chumba kisichopitisha upepo, na upepo wa Singida mwezi huu unabeba hata sufuria.

Akaniuliza kampuni imeshapata mteja gani. Nikamtaja Hemant, mwenye duka la vifaa. Akanikumbusha kwamba Hemant nilimshauri apange upya rafu zote alizorithi kwa babu yake, naye akaniomba kwa adabu nitoke, maana nilikuwa nimeziba mlango na wateja wako nje.

Ni kweli. Lakini alinisikiliza hadi rafu ya tatu.

Jumanne, 9 Septemba

Wokovu! Ukutani kwa Hemant kuna tangazo. Wiki ya Waasisi na Watendaji Wakuu, kuanzia kesho hadi Jumamosi, bure. Mwasisi, nieleze, ni mtu aliyeanzisha kitu. Mimi hasa. Atakayefanya vizuri zaidi atapelekwa Dodoma, shule ya watendaji wakuu, miezi mitatu, na cheti juu.

Nikaenda mbio kwa Klara. Tumekubaliana, na tumepeana mikono: nikipata nafasi hiyo, stoo ni yangu na vifaranga watalala sebuleni. Nikikosa, kibao kinang'oka.

Tatizo ni moja. Fomu inataka kampuni iwe na mfanyakazi angalau mmoja. Sina.

Nikakaza moyo, nikaenda Mandewa kwa Chediel. Chediel ni bwana kilimo mstaafu. Tumeshindana tangu 1991: uzee wa kanisa, baiskeli, hata nani alistaafu kwanza. (Mimi.) Nikamwomba anisaidie kwa kuandikwa mfanyakazi wangu. Akasaini palepale! Sikuamini macho yangu. Akaomba tu na mimi nimsainie karatasi yake moja, mambo ya mizinga yake ya nyuki kule Ulemo. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikasaini.

Njiani nikajaza nafasi ya cheo chake: tarishi. Nimecheka peke yangu kutoka Mandewa hadi Utemini.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu wangu!

Ukumbini vijana arobaini, wote fulana. Mimi tai. Mwenye shughuli ni Joyce, mwanafunzi wangu wa darasa la sita, yule aliyekuwa akijibu maswali kabla sijamaliza kuuliza. Sasa ni mkurugenzi. Alinipigia shikamoo ya magoti, mbele ya watu wote. Nikaona nafasi ya Dodoma ni yangu.

Kisha wakawasha projekta, wakaanza kuonyesha kampuni zote ukutani kwa herufi kubwa. Nyuki Bora Ulemo. Mtendaji Mkuu: Chediel. Mfanyakazi: Mwalimu Elisha, mlinzi wa mizinga.

Mlinzi! Wa mizinga! Mimi, miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu wasome swali kabla ya kujibu!

Sijakaa sawa, ikaja yangu. Tarishi: Chediel. Akasimama kama aliyekalia siafu. Akasema hakutegemea mwalimu mzima awe na roho ya namna hiyo. Nikasema nami nilikuwa natafuta maneno hayohayo kwa ajili ya bwana kilimo. Vijana wakapiga makofi, walidhani ni igizo.

Wakati wa chai Joyce alituita kando. Alisema, mikono kaifumbata, kwamba wazee wake tumsamehe, ila watu wawili hawawezi kuajiriana. Tulete fomu mpya Ijumaa, na Jumamosi majaji watatembelea kila biashara.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo somo la kufahamiana. Nieleze. Mnakaa wawili wawili, dakika mbili, unamweleza mwenzako kampuni yako. Kengele ikilia unahamia kwa mwingine. Raundi ishirini.

Dakika mbili! Aliyebuni jambo hili hajawahi kusalimia mzee. Kijana anakaa, anatoa shikamoo. Marahaba. Ninamuuliza ni wa ukoo gani, baba yake hajambo, mifugo je, visima vimekauka? Anajibu vizuri, naye anaanza kuniuliza ya kwangu. Kengele! Mwingine. Shikamoo, marahaba. Kengele! Raundi ya tisa kijana mmoja kaniambia mambo vipi bosi. Zake dakika mbili zote zimekwisha kwenye kumfundisha.

Raundi ishirini, hakuna aliyejua kampuni yangu inafanya nini. Lakini najua ng'ombe wote wa Ikungi.

Na Chediel? Nilisikia kwa masikio yangu. Alikuwa akiwaambia vijana kwamba leo hakuna shikamoo, muda ni mchache, wamwite Chedi. Chedi! Mtu wa miaka sitini na nane! Mzee wa kanisa! Vijana wakamzunguka kama nyuki aliowaelezea. Alitoka na namba za simu kumi na nane.

Nimerudi nyumbani kichwa kinauma. Klara alikuwa anapima stoo kwa kamba.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepata njia. Tena ni safi kabisa.

Siku ya harusi yetu mchungaji alisoma kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Mwili mmoja hauwezi kuwa na kampuni mbili. Kwa hiyo kuku wa Klara ni idara ya Elimika Ushauri na Ubunifu. Nikajaza. Wafanyakazi: wanawake watatu wa mtaani, wanaolisha na kusafisha mabanda. Wateja: hoteli mbili za mjini, na mfanyabiashara anayepakia matenga ya kuku kwenda Dodoma kila Alhamisi. Bidhaa: kuku wa kienyeji, mayai. Nikaongeza ushauri.

Swali la mwisho lilinikwamisha. Nani anasimamia shughuli hizi kila siku? Kalamu ikagoma. Maisha yangu yote nimesahihisha majibu ya uongo, sijui kuyaandika. Nikaandika Klara.

Halafu nikaona ni jambo dogo. Mtendaji Mkuu hasimamii shughuli za kila siku. Anatafakari. Nikaipeleka.

Klara sijamwambia. Hakuuliza.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tisa walifika, Joyce na majaji wawili. Jaji mmoja jicho moja halikufunguka, limevimba kama andazi. Asubuhi walikuwa Ulemo kwenye mizinga ya Chediel. Nilimpa pole kwa uso wa huzuni. Sijui kama nilifaulu.

Nikawaingiza Makao Makuu. Niliwaeleza maana ya ushauri, kisha historia ya ushauri, kisha nikaanza na ramani. Tulikuwa tumefika Ureno Klara aliposimama mlangoni, bila kugonga. Akasema wageni wamekauka koo, na chakula kinapoa.

Walikula. Na kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Klara akawashika kuku watatu mwenyewe, akawafunga miguu, akampa kila mgeni wake. Huyu mwenye shingo tupu ana miezi mitano, amekula mashudu ya alizeti. Huyu mtetea hutaga hata wakati wa baridi. Jaji wa jicho akauliza anawezaje kuwakinga kuku wote hawa na ugonjwa wa kideri. Klara akamjibu kwa sentensi nne. Nne! Nilizihesabu. Majaji wote wawili waliandika.

Joyce akafungua fomu yangu. Akamuuliza kama yeye ndiye mama Klara aliyeandikwa hapa kuwa msimamizi. Klara akanigeukia. Akaniuliza, taratibu, Baba Cecilia, umeniandika?

Nikasema ndiyo.

Miaka thelathini na tisa ya ndoa. Barua nilizoandika katika maisha yangu, taarifa, kumbukumbu za vikao, hakuna iliyowahi kumpa cheo. Klara akafuta mikono kwenye kanga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Joyce akatangaza palepale. Nafasi ya Dodoma imekwenda kwa kampuni yetu. Nikarusha tai juu! Kisha akamaliza sentensi: na atakayesoma ni anayesimamia.

Klara alisema angependa sana kwenda, ila kuku atawaachia nani.

Watu wote wakanitazama. Hata kuku watatu, miguu imefungwa.

Jumatatu, 15 Septemba

Wameanguliwa mia moja na sabini na mmoja. Makao Makuu yamejaa. Ramani ya dunia imekunjwa kuziba dirisha, upande wa Ulaya nje, Afrika ndani. Kibao kimebaki, nilidai haki yangu: nafasi ilikuja kwenye kampuni yangu. Klara amekubali, kwa sharti kwamba kisomwe na kila mtu, pamoja nami. Mlango ukifunguliwa ghafla vifaranga hukanyagana. Sasa nagonga.

Ameshajaza fomu ya shule. Mfanyakazi wa nne: Elisha, mlisha kuku. Nimepokea kwa utulivu. Nieleze: watendaji wengi huanzia chini.

Mchana Chediel alikuja kunicheka. Klara akamuuliza kama bado anakumbuka chanjo ya kideri. Ametoka mfanyakazi wa tano! Chini yangu! Lakini anasema mchanjaji ni mkubwa kuliko mlishaji, na tumegombana hadi wale mama watatu wakatuomba tuhame kivuli.

Nimepata njia. Wafanyakazi tunahitaji chama, na chama kinahitaji mwenyekiti. Nimeandika katiba jioni hii hii, ibara kumi na mbili. Ibara ya tisa: tarishi wa chama ni Chediel. Nilimwekea mbele, akasaini bila kusoma. Mzembe!

Naye alikuwa na karatasi yake, mambo ya chanjo. Miwani ilikuwa stoo, na kifaranga amelala juu yake. Nikasaini.