Sarafu Yenye Tundu na Sufuria ya Florine

Jumapili, 28 Desemba

Mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote katika mji huu. Si majivuno, muulize yeyote. Kila Mwaka Mpya kanisa letu la Mlima Nebo hula kunde za jicho jeusi pamoja, na ndani ya kunde hutupwa sarafu moja ya senti kumi. Atakayeikuta bakulini mwake, mwaka mzima ni wake. Huikuta nani? Thaddeus Mabry! Mwaka nenda, mwaka rudi! Watu huja kwenye duka langu la matairi ya mitumba na hawanunui tairi, wananigusa bega tu waende zao. Nimefika Memphis. Nimefika Ujerumani na jeshi. Huko kote bahati ilinifuata kama mbwa aliyenusa mfupa.

Leo baada ya ibada nimemposa Arzella Teague. Mjane, sauti ya kwanza kwenye kwaya, akicheka hata mchungaji husahau aya. Akasema yeye hana neno, nikamwone mama yake.

Mama Tempie ana miaka themanini na ushei na macho ya mwewe. Akanieleza kwamba binti yake ameshamzika mume mmoja mwema asiye na bahati. Radi ilimpiga akiwa ndani ya gari. Madirisha yamefungwa! Wa pili, akasema, sharti awe na bahati, hata kama wema utapungua kidogo. Jiko la kanisa linavuja, mwaka huu kila mtu atakula nyumbani kwake. Basi wao watakuja kwangu. Nipike kunde kwa mikono yangu mwenyewe. Nikiikuta sarafu mbele ya macho yake, nimchukue binti. Nisipoikuta, nirudi kwa matairi yangu.

Nikacheka. Nikasema, Mama, hilo jambo dogo.



Jumatatu, 29 Desemba

Sijui kupika kunde. Na mji mzima nimeshauambia najua, tena kwa siri ya marehemu bibi yangu. Marehemu bibi yangu alikuwa akiunguza hata maji.

Nimekwenda kwa dada yangu Florine kuazima sufuria ya presha. Ni ya zamani, nzito, ina mfuniko wa kufunga kwa nguvu na kidude juu kinachocheza mvuke ukitoka. Florine akanipa masharti. Kunde zisipite nusu ya sufuria, maana zinatoa povu, na maganda yake huziba tundu la mvuke. Nitie kijiko cha mafuta kutuliza povu. Nisifungue kabla haijanyamaza. Na zaidi ya yote, nisiiache peke yake. Nikaitikia kila neno. Sikushika hata moja, nilikuwa nakitazama kile kidude.

Akaiwasha ili nione. Ikapiga mluzi. Nikajikuta chini ya meza.

Florine akauliza, huko Ujerumani kwenye vita nilikuwa najificha chini ya nini. Nikamkumbusha kwamba Ujerumani sikukuta vita. Akasema ndiyo maana nilirudi.

Njiani nimekutana na Shemasi Hosea Crump. Huyu naye anammezea mate Arzella. Mtu mrefu, mpole, kofia safi siku zote. Simpendi. Yeye huloweka kunde tangu jana yake na kuzipika polepole kama anabembeleza mtoto. Akaitazama sufuria iliyokuwa kwapani mwangu. Akasema, "Ndugu Mabry, nasikia unapika. Wale jamaa wa zimamoto umewakaribisha, au nikupelekee salamu?"

Waliokuwa mlangoni mwa kinyozi wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Cheko la mtu aliyekanyagwa kidole.

Jumanne, 30 Desemba

Balaa! Mama Tempie amekuja dukani. Akaketi juu ya tairi kama malkia, akainua upindo wa gauni, akafungua uzi kifundoni. Kwenye uzi, sarafu ya senti kumi. Ya fedha, ya kale, imetobolewa tundu katikati. Bibi yake alimfungia akiwa mtoto, ya kumkinga na husuda. Akaniwekea kiganjani, bado ina joto la mguu wake. Hii ndiyo nitie sufuriani, akasema, si nyingine. Mwenziwe haipo Alabama nzima. Na ataijua akiiona.

Sikulala mchana, na mimi hulala kila mchana.

Nikafikiri. Kunde ni nyingi, sarafu ni moja. Nani kasema itaniangukia mimi? Inaweza kumwangukia Arzella. Inaweza kumwangukia Mama Tempie mwenyewe, akang'oka jino! Sijawahi kuisaidia bahati yangu maishani, lakini hata mbuzi mtulivu hufungwa kamba siku ya wageni. Mpango ni huu: sarafu haingii sufuriani. Inakaa shavuni mwangu. Wakati wa sala ya chakula, vichwa vimeinama, naidondosha bakulini.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mara moja nusura niimeze. Mteja akanipa pole ya jino.

Jumatano, 31 Desemba

Jipya tena. Kinyozi ananiambia Crump anapanga kuwa mwanamume wa kwanza kukanyaga nyumba ya Arzella kesho asubuhi. Kila mtu anajua maana yake: mwanamume wa kwanza kuvuka kizingiti siku ya Mwaka Mpya ndiye anayeingiza bahati ya nyumba ile. Bahati ya Crump ndani ya nyumba ya mke wangu mtarajiwa! Haiwezekani. Lazima nimtangulie.

Lakini kunde je? Hapo ndipo akili yangu ilipong'aa mpaka nikajionea haya. Crump atachelewa, ameganda jikoni kwake na kunde zake za kubembeleza. Zangu zitapikwa na presha huku mimi natembea! Waliosema haraka haraka haina baraka hawakuwahi kuazima sufuria ya Florine.

Nimekwisha panga kila kitu. Kunde, vitunguu, pilipili, kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. Nimejaza hadi ukingoni. Florine alisema nusu, lakini Florine ana maisha ya nusu nusu. Mama mkwe halishwi nusu.

 

Alhamisi, 1 Januari

Ee Mungu wangu.

Alfajiri nimewasha moto, nimefunga mfuniko, nimetoka mbio. Nafika kwa Arzella, nani yuko barazani? Crump! Kofia mkononi! Akasema kunde zake zinachemka polepole, hazina haraka naye. Arzella akafungua mlango. Tukasonga wote wawili, mabega yakakwama kwenye fremu kama ng'ombe wawili kwenye pango la sungura. Nikavuta, akavuta. Hapo paka dume wa nyumba, aliyelala nje, akapita katikati ya miguu yetu akaingia zake.

Mama Tempie akatamka kutoka kitini kwamba mwanamume wa kwanza amekwisha ingia, na ana mkia. Mwaka huu hawatasumbuliwa na panya.

Akatukalisha kwa kahawa. Huwezi kukataa kahawa ya Mama Tempie. Nikanywa huku nasikia mluzi kichwani. Arzella akauliza mbona natoka jasho na nje kuna barafu. Nikasema ni mapenzi. Crump akakohoa.

Nikarudi mbio. Harufu nimeipokea njiani.

Maganda yaliziba tundu la mvuke. Kizibo cha usalama kiliruka, na kunde zikakifuata. Zote! Darini kunde. Ukutani kunde. Picha ya marehemu baba ina kunde kwenye jicho. Kifundo cha nguruwe kimekaa juu ya kabati kama bundi. Sufuriani imebaki kama kikombe cha supu nyeusi.

Nikashika ufagio. Nikauachia kama nimeshika nyoka. Leo Mwaka Mpya! Ukifagia leo umefagia bahati ya mwaka mzima ikatoka mlangoni. Ukifua au ukipiga deki, unamwosha mtu wa nyumbani mwako atoke duniani. Na mtu wa nyumbani mwangu ni mimi! Nikawaza kufungua mwavuli juu ya meza. Mwavuli ndani ya nyumba? Mkosi juu ya mkosi. Nikatandika kitambaa cheupe, nikatia sarafu shavuni, nikangoja.

Wakaja adhuhuri. Arzella akatazama juu, akaziba mdomo. Mama Tempie akatazama juu, hakuziba kitu. Akauliza sarafu yake iko wapi. Nikasema mmm, nikaonyesha dari. Na nani akatokea nyuma yao? Crump, amebeba sufuria yake kwa mikono miwili. Akasema, "Ndugu Mabry, nimesikia kwa majirani kunde zako zimetangulia mbinguni. Nikaona usikae na njaa." Alikuwa mkarimu kweli. Ndicho kilichoniuma.

Tukaitafuta sarafu. Crump akapanda kiti na tochi, akachunguza dari kama daktari wa koo. Arzella akapekua dirishani. Mimi nikatafuta kwa bidii kuliko wote, mdomo umefungwa. Hatimaye Mama Tempie akasema inatosha. Anayeingia mwaka bila kunde tumboni anaialika njaa, na kunde za shemasi ni kunde. Tule.

Tukaketi. Mkate wa mahindi, sukuma wiki ya Arzella, kunde za Crump. Crump akaanza sala. Vichwa vikainama. Nafasi! Shavu likatangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu. Nikaidondosha. Amina. Kijiko cha kwanza, nikauma chuma, nikaruka juu: "Nimeipata! Bwana asifiwe! Nimeipata!"

Hakuna aliyemsifu Bwana.

Crump alitazama sufuria yake. Akatazama dari langu. Akatazama bakuli langu. Mama Tempie akaichukua sarafu, akaipangusa, akapitisha jicho kwenye tundu. Akauliza polepole, "Shemasi, sarafu yangu ilifika lini jikoni kwako?"

Crump ni mtu wa kweli, maskini. Akasema hajawahi kuiona.

Kunde moja ikadondoka kutoka darini. Juu ya kofia ya Mama Tempie.

Akaifunga sarafu kifundoni palepale, taratibu, fundo kwa fundo. Akasema mkwe wake wa kwanza radi ilimpiga, lakini hata radi ilimkuta akisema kweli. Wakaondoka. Crump aliacha sufuria. Zilikuwa kunde tamu. Nimelia kidogo, kwa sababu ya pilipili.

Ijumaa, 2 Januari

Leo kusafisha kunaruhusiwa. Nimeamka nikakuta Arzella mlangoni, ndoo mkono mmoja, ngazi mkono mwingine.  Akapanda, akaanza kukwangua dari. Mara ngazi ikaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Akacheka mpaka ikabidi ateremke aketi sakafuni kwenye kunde.

Kisha akajifuta machozi ya kicheko. Akasema kanisani amekaa karibu nami kila Mwaka Mpya. Akasema sarafu inayotoka kwenye mchuzi huwa na mchuzi. Zangu hutoka kavu. Nikamweleza kwamba damu yangu ni ya moto, inazikausha.

Akaniita Thaddeus. Akasema hataki bahati. Marehemu mumewe hakuwa nayo hata chembe na walicheka kila siku. Anataka mtu awezaye kusema jambo lilivyo. Jumapili niende kwao, nimwambie mama yake kwa mdomo wangu: "Mama, sina bahati, ile sarafu niliitia mwenyewe." Basi. Nikisema hivyo, mama atakasirika, atatulia, na sisi tutafunga ndoa kabla ya Pasaka. Nisiposema, asinione tena mlangoni mwake.

Sentensi moja! Mimi niliyewauzia wachungaji matairi yenye viraka! Nimelala kama mfalme.

Nimeamka mara nyingi, lakini kama mfalme.

Jumapili, 4 Januari

Nimefanya mazoezi njia nzima. Nimewaambia mbwa wa kinyozi. Nimeuambia mti. Nimekutana na Crump, nikamwambia hata yeye, neno kwa neno. Akasikiliza, akavua kofia, akanishika mkono. Akasema, "Iseme hivyohivyo, ndugu yangu. Usiongeze chumvi." Karibu nimpende.

Nikaingia. Mama Tempie kitini. Arzella amesimama nyuma yake, gauni la manjano, vidole amevifumbata kifuani kama anayeomba. Paka naye yupo. Mama akasema haya, amesikia nina neno.

Nikafungua mdomo. Niliisikia sentensi ikija, naapa. Ilikuwa hapa, kooni. Halafu nikasikia sauti yangu ikieleza kwamba sufuria ilipolipuka, sarafu iliruka, ikatoka dirishani, ikavuka barabara, ikatumbukia kwenye kunde za Crump, na bado ikanirudia mimi bakulini. Mama amewahi kusikia bahati kama hiyo?

Mama Tempie akauliza kama dirisha lilikuwa wazi.

Nikasema lilikuwa limefungwa. Na hapo ndipo penye muujiza!

Arzella akaitoa kofia yangu kwenye msumari, akanipa. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, kama unavyofunga chumba alimolala mgonjwa. Bora angebamiza.

Sasa niko jikoni. Si neno. Pasaka inakuja, na siku ya Pasaka watoto wa kanisa hutafuta yai la dhahabu lililofichwa uwanjani. Nikiliokota mimi, mbele ya macho ya Mama Tempie, atasema nini? Watoto watanisamehe. Nimeshanunua rangi ya dhahabu, na mayai Florine anayo.

Kuna kunde bado juu ya taa. Naiona ikinitazama kwa lile jicho lake.

Haya. Hapa hakuna mtu, na kalamu haina shavu la kufichia. Sina bahati. Sarafu za kanisani sijawahi kukuta hata moja. Zote nilizitia bakulini mwenyewe.