Jangwa Lisilo na Ngamia

Kibosho,
Jumanne, asubuhi.

Kwa Aikande, Mwongoza Watalii,
Soweto, Moshi.

YAH: KUITA MAHALI JANGWA MBELE YA FAMILIA YANGU BILA IDHINI

Mwanafunzi wangu wa zamani,

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, nitakieleza tena. Kwanza nakushukuru kwa kuturudisha salama Jumapili: mimi, mke wangu Mektrida, mwanangu Godlove aliyeendesha gari, na mjukuu wangu Kindness wa darasa la sita. Baada ya shukrani hizo, ambazo Mektrida amesema lazima zitangulie, naingia kwenye malalamiko.

1. Siku ya pili ya safari ya mlimani, gari tumeliacha kule Shira na miti imekwisha kabisa, ulisimama kwenye mawe na vumbi ukatangaza, "Sasa tumeingia jangwani." Hukuniuliza. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo nimefundisha kwamba jangwa ni mchanga, joto na ngamia, nalo liko mbali sana na Kibosho. Nilitazama huku na huku. Ngamia sikumwona.

2. Kuhusu joto. Siku hiyo nilivaa sweta mbili na koti la Godlove, na kichwani nilifungwa kitenge cha Mektrida chenye picha za kuku. Jangwa gani hilo linalomvika mwalimu kitenge cha kuku? Tena ulipiga picha. Naomba ifutwe.

3. Mektrida ana goti bovu. Kwa goti hilo hajashuka shamba la chini tangu mwaka juzi, na mimi ndiye ninayekata majani ya ng'ombe. Huko kwako goti lilipona. Alinipita, akarudi kunipa maji, akanipita tena. Nimemuuliza goti lilikuwa wapi siku zote, akanipa panga la majani.

4. Nilipoumwa kichwa kwa kimo cha mlima nikatapika nyuma ya jiwe, uliwaambia wenzangu kwamba Mwalimu anachunguza miamba. Nakiri ulinisitiri. Lakini Kindness alinifuata na daftari kuniuliza ni miamba ya aina gani, na hali niliyokuwa nayo haikuniruhusu kufundisha.

5. Hili ndilo zito. Ulimweleza mtoto kwamba jangwa halipimwi kwa joto wala kwa ngamia, linapimwa kwa mvua. Ukamwambia kwamba mawingu humwaga maji yake msituni na kwenye migomba yetu, na yakifika kule juu hayana kitu. Akaandika yote. Jana alimsimulia mwalimu wake, na mwalimu ameniita darasani Ijumaa saa nne, mimi babu mtu, niliyefika kwa miguu yangu mwenyewe, nikathibitishe.

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikithibitisha, nitakuwa nimefuta miaka thelathini na moja, pamoja na siku ile ya mwaka 1996, wewe mwenyewe ukiwa darasa la sita, nilipouliza nani anajua jangwa lililo karibu nasi. Ulijibu kwamba liko juu ya mlima wetu, nami nikakupa sifuri. Nusu ya Kibosho imepita mikononi mwangu. Wapo watu wazima hapa, wenye watoto na vyeo, ambao mpaka leo wanaamini hakuna jangwa bila ngamia, na aliyewaambia ni mimi. Nikikana, itabidi nikane huku Kindness ananitazama.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote, kabla ya Ijumaa, umwandikie mtoto barua fupi kwamba ulikosea. Sema pale ni mahali pakavu, au penye mawe mengi, chagua neno lolote isipokuwa lile. Wewe bado una nguvu, kosa moja halitakuharibia kazi. Mimi kwa umri huu sina muda wa kutafuta heshima nyingine.

Mektrida anakusalimu, goti lake pia. Godlove anakusalimu na anasema springi za gari zimepona. Kindness anakuamkia shikamoo na anauliza lini tunarudi. Ng'ombe hajambo. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako katika ubishi wenye adabu,

Mwl. Isack (mstaafu)

Nakala: Kindness, asome nikishazikwa.

Tanbihi: Mektrida ameisoma barua hii yote. Aliirudisha mezani akaenda zake jikoni, kwa hiyo naongeza haya.

Jioni ya siku ile ya mwaka 1996 nilifungua kitabu katika ofisi ya walimu. Ulikuwa sahihi. Kesho yake niliingia darasani nikafundisha mito. Uliponyoosha mkono sikukuchagua, na hukunyoosha tena mpaka ukamaliza shule. Sifuri si kitu. Ulikuwa umesema aliyekueleza habari za jangwa ni baba yako, mpagazi, nami nikajibu mbele ya wenzako kwamba mpagazi hubeba mizigo, habebi elimu. Darasa lilicheka kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kucheka.

Kule juu Mektrida alikuuliza nilikuwa mwalimu wa namna gani, ukamjibu, "Alinifundisha vizuri, mama." Nililisikia jibu hilo nikiwa nimeinama nyuma ya jiwe, na liliniuma kuliko kichwa.

Usimwandikie Kindness chochote. Ijumaa saa nne njoo ufundishe wewe, na kama mzee wako anaweza kutembea, mje pamoja. Nitawaambia watoto alichokisema yeye na nilichokisema mimi. Nisamehe, mwanangu.