Matundu Kumi na Moja ya Nyumba Yangu

Jumanne, 2 Julai

Keneuoe amepiga simu. Mwanangu! Mwalimu wa sayansi kule mjini Hlotse, wa kwanza hapa kijijini Ha Sekhobe kuvaa joho. Picha ya joho iko ukutani, anayeingia lazima aione. Tumbo limetimiza miezi minane. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mama yake, hiyo ndiyo desturi yetu, hata mbwa wa hapa wanaijua. Kliniki iko karibu. Nepi nimeshazifua mara tatu, na hazijavaliwa bado.

Sasa sikia. Mama mkwe wake, Mama Tumisang, ana nyumba ya matofali na hita ya umeme. Amesema mjukuu wake hawezi kulelewa kwenye friji la mawe huku milimani. Friji! Jumamosi anakuja na Keneuoe, na kipimajoto mkononi. Kikisoma chini ya nyuzi kumi na nane, wanageuka na gari lilelile na mtoto anazaliwa Hlotse.

Nimemwambia Keneuoe nyumba yangu ina joto sana. Nilikuwa nimevaa mablanketi mawili na kofia, mvuke unanitoka mdomoni.

Lakini nimekaa nikajiuliza. Miaka thelathini na moja upepo unalala humu ndani, na sijawahi kuuliza unapitia wapi. Nimewasha mshumaa, nimeupitisha polepole kwenye kuta. Ajabu! Penye tundu moto unainama. Chini ya mlango ulilala chali kabisa. Nimehesabu matundu kumi na moja na kuyapa namba. La kushangaza zaidi, upepo unaingia kwa chini na kutokea juu, pale bati linapokutana na ukuta. Kumbe una njia yake! Nani alijua?

Ntate Lehana, mume wangu, kaniuliza kwa nini natembea na mshumaa mchana kweupe. Nikamwambia natafuta mwizi. Akauliza, yule aliyekuibia akili? Mtu aliyejenga nyumba yenye matundu kumi na moja hana la kusema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tunao. Kesho naziba.

Jumatano, 3 Julai

Samadi mbichi ya ng'ombe na udongo mwekundu, nimekanda mpaka viwikoni. Nyufa za ukutani kwisha. Chini ya bati nimesokomeza manyoya ya mbuzi, yale meupe ya gunia la Ntate Lehana. Hakuniuliza, sikumwambia. Madirisha yote mawili nimebandika magazeti kwa gundi ya unga wa mahindi, nje na ndani. Kazi safi! Ningesoma zaidi ya darasa la saba, ningekuwa injinia.

Jirani yangu Mama Tšitso alikuja kuazima chumvi, maana yake kuchungulia. Nyumba yake inapiga mluzi kila upepo ukivuma, unausikia mpaka kwangu. Akasema, ee mama Keneuoe, nyumba ni kama mtu, ukiiziba pua inakufa. Nikamwambia ya kwake haijazibwa, ndiyo maana ina mafua. Akaondoka akasahau chumvi.

Mshumaa tena. Maajabu! Upepo ulionyimwa dirisha umehamia kwenye tundu la ufunguo. Jana pale moto ulisimama wima kama askari, leo umeinama. Kwa hiyo upepo unatafuta! Ukifukuzwa huku unajaribu kule. Nimeutazama mpaka uji ukaungua. Keneuoe akili zake kazitoa kwangu, hilo halina ubishi. Kwa baba yake katoa masikio.

Tundu la ufunguo nimeliziba kwa sabuni ya kuogea. Ntate Lehana karudi, kaingiza ufunguo, ukatoka unanukia maua. Kaunusa. Kaniangalia. Kaurudisha mfukoni.

Alhamisi, 4 Julai

Mbuzi wamekula madirisha yangu!

Nilisikia krap, krap, nikadhani ni theluji. Kutoka nje, mbuzi wanne wamesimama kwa miguu ya nyuma, wanalamba gundi na kutafuna magazeti. Beberu wa Mama Tšitso ndiye kiongozi. Nikamwita mwenyewe, nikamwambia mnyama wake ametumwa. Akasema beberu wake hajui kusoma, kafuata unga, na kama nimeamua kupaka ukuta ugali basi niwaandalie na mboga. Mdomo wa yule mwanamke ndio tundu la kumi na mbili.

Nimebandika upya, ndani tu.

Chini ya mlango palikuwa pamebaki. Nimechukua suruali kuukuu ya Ntate Lehana, nimekata mguu mmoja, nimejaza mchanga, nimeshona ncha zote mbili. Kitu kirefu, kizito, kinalala kizingitini kama mlinzi. Nimefurahi nacho. Nilipokuwa kisimani Ntate Lehana akarudi kutoka malishoni, akaingia, akakiona gizani pale. Alikipiga fimbo tatu. Ya nne ilisimama hewani, maana aliona kiraka cha goti. Nimemkuta amekaa kwenye mchanga uliomwagika, machozi yanamtoka. Nikamwambia, baba, nyoka gani anatembea Julai, tena amevaa suruali? Akasema hakulia kwa sababu ya nyoka. Alikuwa anaipenda ile suruali.

Nimeshona mguu wa pili.

Ijumaa, 5 Julai

Matundu kumi na moja, yote yamezibwa. Mshumaa umesimama wima nyumba nzima, hautikisiki. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Kisha nikawasha jiko. Moshi! Haukupanda kwenye bomba la kutolea moshi hata kidogo, ulitoka mbele ukanifuata mimi. Nikafungua mlango ili nipumue, na hapo hapo moshi ukageuka, ukapanda bombani kama mtoto aliyeitwa na baba yake. Nikafunga mlango. Ukarudi. Nikafungua. Ukapanda. Kitu gani hiki? Nimefanya hivyo mara tisa. Macho yanatiririka, kifua kinawaka, lakini sikuweza kuacha. Ni kama kuna mtu ndani ya jiko anayetaka kutazama nje.

Ntate Lehana alikuwa anapaza sauti kutoka uani kwamba jiko linataka pumzi, niache japo tundu moja. Nikamjibu kwamba tundu moja litaita wenzake. Nimeshachunguza mwenyewe na jibu ninalo: samadi tunayochoma haijakauka vizuri.

Mpango wa kesho. Nitakoka moto alfajiri mlango ukiwa wazi, jiko liwe jekundu, kisha nifunge kabla wageni hawajafika. Na mlango wenyewe nimeutundikia pazia: blanketi bora la Ntate Lehana, lile la mistari la kwendea baraza la chifu. Limelala kwa upana, linafunika mlango na ukuta wa kila upande. Misumari kumi. Yeye alipoliona alitazama msumari mmoja mmoja, akakaa chini.

Jumamosi, 6 Julai

Wamefika. Keneuoe wangu! Tumbo kama mwezi mpevu, na amependeza. Nyuma yake Mama Tumisang na mkoba wake. Akaingia bila kuvua blanketi, akatundika kipimajoto chini ya picha ya joho, akasema tusiongee kwanza.

Nyuzi kumi na sita.

Nilikuwa nimefunga kila kitu na jiko lilikuwa limeanza kununa. Moshi kidogo. Nikaupepea kwa aproni. Mama Tumisang akauliza ni nini kinachoungua, nikasema ni harufu ya ukaribisho. Kumi na tano. Keneuoe akakohoa. Nikatazama mkoba wa mama mkwe wake, bado ameushika, na gari bado linanguruma nje.

Ndipo Mama Tumisang alipogeuka akaona pazia. Alipiga ukelele! Mistari ya blanketi ilikuwa imelala! Jamani, nilisahauje? Mistari husimama, ili mtu akue kwenda juu. Ikilala, na ukuaji unalala. Na mbele ya tumbo la miezi minane! Akauliza kama nataka mjukuu wake awe mfupi kama kigoda. Alikuwa anasema kweli. Mama Tšitso alikuwa ameshafika mlangoni, sijui nani kamwita, akapiga makofi na kusema, kwanza alilisha mbuzi madirisha, sasa anapanda vibeti.

Niling'oa misumari kwa meno ya nyundo. Nikalisimamisha. Lakini likisimama ni jembamba, halifiki upande wa jiko, na lilipoanguka lilimvuta mlinzi wangu wa mchanga. Upepo ukaingia. Niliuhisi miguuni. Nikafumba macho, nikasema basi, mtoto ameshakwenda Hlotse.

Vuuu!

Jiko! Liliunguruma kama ng'ombe aliyefunguliwa. Moshi ukapanda bombani wote. Kumi na saba. Kumi na tisa. Mama Tumisang akafuta kioo cha kipimajoto kwa kidole. Ishirini na moja! Akavua blanketi la kwanza. Akavua la pili. Akaweka mkoba chini.

Keneuoe alicheka mpaka akashika tumbo. Akasema, mama, umeziba vizuri kuliko fundi, ndiyo maana joto halitoroki. Ila moto unakula hewa, nawe ulikuwa unaunyima chakula, na sisi pia. Akachokoa tundu namba saba, nyuma ya jiko, akabandika karatasi juu yake: HILI LISIZIBWE. Mwandiko gani ule! Herufi zimekaa kama zimepigwa chapa. Nimewaonyesha wote.

Mwanangu anabaki! Dereva kaambiwa aende. Mama Tumisang alisema atalala siku moja tu, kuhakikisha.

Blanketi limerudi kwa mwenyewe. Ntate Lehana kahesabu matundu ya misumari, kumi, akaniuliza kama na hayo nitayaziba kwa samadi.

Jumatatu, 8 Julai

Theluji imefika magotini, barabara ya mlimani imefungwa. Mama Tumisang hawezi kuondoka, na kusema kweli hajauliza. Nyuzi ishirini. Nilimwonyesha kazi ya mshumaa, akaomba ashike yeye. Kumbe ni mwanamke mwelewa! Amegundua mwenyewe kwamba upepo unapita pembeni mwa bawaba ya juu. Tulishikana mikono.

Mchana tulikaa mbele ya tundu namba saba. Tukaliangalia. Upepo unaingia tu, hauombi hodi. Nikasema, kama na tundu hili tuna nyuzi ishirini, bila tundu je? Hilo ni swali la sayansi, hata Keneuoe angelikubali asingekuwa amelala. Mama Tumisang akasema, kidogo tu, mama, tuone. Akavua soksi yake.

Ntate Lehana alituona. Akachukua blanketi lake lenye matundu, akatoka nje kabla ya moshi.

Samadi ya nchi hii haikauki! Keneuoe ameamka anakohoa, akasoma karatasi yake mwenyewe, akaivuta ile soksi, akatutazama sisi wawili kama anavyotazama wanafunzi wa nyuma. Amehamia kwa Mama Tšitso, yeye na tumbo na nepi na kipimajoto. Atarudi siku karatasi itakapoheshimiwa. Anasema huko kuna hewa safi.

Hewa safi! Mjukuu wangu azaliwe ndani ya filimbi!

Mimi na Mama Tumisang tumekubaliana. Samadi nimeshakanda. Asubuhi Mama Tšitso akienda kisimani tunaingia kwake. Mwenzangu atashika mshumaa.