Mkosi wa Ciccillo

Napoli, Jumatatu, 4 Novemba 1889

Nimewahi kumliza mfalme kwa kuimba. Hapa hapa Napoli! Alilia mpaka leso ikalowa. Haya basi, mfalme alikuwa ameshaondoka. Aliyelia ni mama mtunza makoti, na alikuwa na jino bovu. Lakini alilia.

Leo habari kubwa. Don Liborio, mwenye jumba la michezo, anaandaa opera mpya ya vichekesho. Anataka mzee wa sauti nzito aigize muuza dawa bahili anayetaka kumwoa binti aliyemlea mwenyewe. Mzee mmoja tu. Atachagua Jumamosi. Na mtaani tuko wawili: mimi na Ciccillo Auriemma, rafiki yangu wa miaka thelathini. Ciccillo bado anazo sauti za chini, zile za kutikisa vikombe kabatini. Mimi nimebakiwa na tumbo. Tumbo linachekesha, ila haliimbi. Nikiikosa nafasi hii sipandi tena jukwaani. Wa umri wangu hawaitwi mara mbili.

Nimepata hila! Nimekwenda kwa Tatonno kinyozi nikamnong'oneza, siri yetu sisi wawili, kwamba Ciccillo ana mkosi. Akikuamkia tu, jambo lako linaharibika. Kumpa Tatonno siri ni sawa na kuipigia kengele ya kanisa. Ndiyo maana nimempa.

Jumanne, 5 Novemba

Mazoezi. Ciccillo akaingia, akatuamkia wote kwa bashasha yake ile. Papo hapo mpigaji wa fidla kubwa akagusa uzi mnene, ukakatika, paa! Asubuhi nilikuwa nimeukwaruza kwa kisu. Watu wakarukia chuma waguse, maana chuma hukinga mkosi. Walio mbali na chuma wakashika mahali pengine, nisipopataja hapa kwa heshima ya karatasi. Don Liborio alishika kwa mikono miwili. Nilijizuia kucheka mpaka nikapata kwikwi.

Alhamisi, 7 Novemba

Jina la Ciccillo halitajwi tena. Sasa ni "yule". Yule akipita, akina mama wanaingiza watoto ndani. Muuza kahawa anamwambia kahawa imekwisha, na birika linafuka mbele yake. Hayo niliyatarajia. Ya Titina sikuyatarajia. Mkewe huyo hukaanga maandazi mlangoni pao, na leo hakuna aliyenunua hata moja. Sinia imejaa, mafuta yamepoa, mama wa watu amekaa anafukuza nzi.

Jioni Ciccillo kaja kwangu. Kaniuliza, Aniello ndugu yangu, watu wananikimbia, nimewakosea nini? Nikamwambia labda ni koti lake. Akalivua, akaligeuza huku na huku. Alilivaa koti hilohilo mwaka ule tulipoigiza mjini Caserta, sauti iliponikauka katikati ya mchezo. Alijibanza nyuma ya pazia akaimba yeye, mimi nikawa nafungua mdomo na kuufumba. Makofi nikapigiwa mimi. Hajawahi kumwambia mtu.

Kaniletea maandazi yote yaliyobaki. Nimekula. Yalikuwa matamu mno. Ningefurahi yangekuwa mabaya.

Ijumaa, 8 Novemba

Sikulala vizuri. Nimekwenda kwa Tatonno kumwambia habari ile ni ya uongo. Akanitazama kwa huruma, akasema, maskini don Aniello, ameshakutisha na wewe! Nikaapa kwa kaburi la mama. Akasema, unaona sasa, mpaka makaburi unataja.

Basi hila nyingine. Saa sita mchana, mbele ya jumba la michezo, nimemkumbatia Ciccillo. Nikambusu shavu hili na lile. Kisha nikajizungusha watu wanione: mzima! Sijavunjika kitu! Tatonno, amesimama mlangoni pake na wembe mkononi, akauliza kwa sauti kubwa: mkosi wa mtu haumdhuru nani, kama si mwenye mkosi mkubwa kuliko huo? Na siku ile ya uzi, aliyekaa karibu na fidla ni nani?

Macho yote kwangu. Halafu mikono yote ikaenda kulekule ilikokwenda siku ya uzi.

Jumamosi, 9 Novemba

Don Liborio hakumchagua Ciccillo. Hakunichagua mimi. Amenipa habari kupitia mlango uliofungwa. Muuza dawa ataigizwa na kijana kutoka Foggia, hana hata mvi moja. Watampaka unga nywele na kumfunga mto tumboni. Mto! Na mimi hapa nina tumbo la kwangu, nimeligharimia maisha mazima!

Jumapili, 10 Novemba

Ciccillo na Titina wamehama. Wamekwenda Benevento kwa binti yao mfuga nguruwe. Ataimbia nguruwe. Stesheni hakuna aliyewasindikiza ila mimi. Hata wapagazi walijificha, mizigo tukabeba wenyewe. Nilitaka kumwambia. Nikafungua mdomo, nikaufumba, na safari hii hakukuwa na mtu nyuma ya pazia. Yeye akanishika bega, akasema, mji mzima umeamini, Aniello, ni wewe peke yako hukuamini.

Treni ikaondoka. Nilipunga mkono mpaka mtu akaniuliza nampungia nani.

Jumatano, 13 Novemba

Kwangu pia kahawa imekwisha. Ndevu zimeota, Tatonno hataki kunigusa. Mtaani mtu akikohoa kwa sauti nzito nageuka, halafu nakumbuka. Sina wa kumsema, sina wa kumcheka. Nimekuwa "yule".

Ila kijana wa Foggia leo nimemwona kupitia dirisha. Amepanda jukwaani na soksi za zambarau! Zambarau, rangi ya maiti, jukwaani ni mkosi mtupu! Sikusema neno. Nimemgusia kidogo tu muuza njugu za kuchoma. Kinyozi ndiye aliyeniharibia mara ile. Muuza njugu ni mtu wa maana.

Na wewe, Mtakatifu Aniello, somo yangu, sikiliza. Jumapili nilikuwashia mshumaa kwa ajili ya safari ya Ciccillo. Ulikuwa mshumaa mrefu, wa kutosha safari ya Amerika. Benevento ni hapa tu. Uliobaki unao wewe, basi utumie kwa hili. Sikuombi makubwa: mafua yamshike yule kijana siku ya kwanza pazia likifunguliwa. Mafua tu. Homa sijasema.