Mkaa Sifuri Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Tena kwangu, sebuleni kwangu, mbele ya mama mkwe!

Kikundi chetu cha akina mama hapa Kaole kilikuwa kinachagua balozi wa mazingira, mtu mmoja wa kuzunguka hadi Mlingotini kufundisha watu kupunguza hewa ukaa. Nafasi hiyo naitaka mno. Nimeshashona na dera la kijani. (Uchaguzi bado, dera tayari. Ndiyo mimi huyo.) Mpinzani wangu ni Bi Zuhura, mpika vitumbua, mtu wa mkaa tangu nimfahamu.

Nikaomba kikao kifanyike kwangu. Nikabandika karatasi ya manila ukutani. Kila mtu ataje anapikia nini, anasafiri kwa nini, ananunua nguo mpya mara ngapi na chakula kiasi gani anamwaga. Ukichafua hewa sana, nakuandika kwa wino mwekundu. Kalamu ninayo mimi, bila shaka.

Bi Zuhura akaanza. "Mimi, mwanangu, natembea kwa miguu. Makombo yangu wanakula kuku. Ila mkaa natumia, sikufichi."

"Magunia mangapi kwa mwezi, Bi Zuhura?"

"Moja na nusu."

Nikaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa kubwa. Wenzangu wakaguna.

Zamu yangu. Nguo mpya, dera moja tu (nikakohoa). Bodaboda, mara mojamoja (kila siku). Kisha nikajishika kiuno, nikatamka kwa madaha: "Mkaa, sifuri! Mimi gesi tupu. Moshi kwangu haukanyagi!"

Makofi! Hata mama mkwe, ambaye huwa hanipi hata tabasamu la bahati mbaya, akatikisa kichwa kuniunga mkono.

Sasa niwaambie ukweli, maana nyinyi ni watu wangu. Gesi ni ya chai na mayai. Lakini maharage? Maharage ya kuchemka saa tatu nzima? Mtungi nimepewa bure? Nyuma ya choo nina jiko langu la mkaa, na leo niliteleka hapo sufuria kubwa ya kuwalisha wageni hao hao. Kwa utamu wa kampeni nikasahau kuongeza maji.

Moshi ukaanza kuingia dirishani, taratibu, bila hodi.

"Kuna kitu kinaungua," akasema Bi Zuhura.

"Majirani hao!" nikadakia. "Watu hawafundishiki!"

(Nyuma ya nyumba yangu hakuna jirani. Kuna mikoko.)

Bi Zuhura akatoka nje. Akarudi ameshika sufuria kwa upindo wa khanga, maharage yamekuwa meusi tii.

"Majirani zako wamesahau chakula chao," akasema kwa upole. Heri angenitukana.

Mama mkwe akainama kuitazama. "Hii si sufuria niliyokutunza siku ya harusi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, dera na mimi. Watu walicheka mpaka mmoja akaomba maji.

Bi Zuhura, Mungu amweke, hakunisimanga. Akachukua kalamu yangu nyekundu, akaandika "mkaa" kwenye jina langu. Halafu akawageukia wenzetu: "Maharage yalowekeni tangu usiku. Yakishachemka vizuri, funikeni, iwekeni sufuria kwenye kikapu, muizungushie matambara mpaka juu. Yanamalizikia humo humo. Mimi kabla ya hapo nilikuwa namaliza magunia matatu."

Wote wakasogea karibu kusikiliza. Nami nikajikuta nanakili.

Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono. Bi Zuhura akazoa karibu wote. Mimi nikapata kura moja (anayecheka aje anisaidie kusugua sufuria). Moja, lakini ya mama mkwe! Machozi yakanilenga. Wageni walipoondoka nikamfuata, nikapiga magoti: "Mama, ahsante kwa kura yako."

"Kura gani?" akasema. "Nilikuwa napunga moshi."